Chogo au Flati? Anza na Umeme Wako, Siyo Picha

Jumapili moja jioni baba mdogo alinipigia simu kutoka Chiwanda. Kama hukijui Chiwanda, kiko wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, kwenye ukanda wa Ziwa Nyasa ambao zamani ulikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga. Huko watu wanavua usipa, wanalima muhogo na mpunga, na jioni wanataka kuangalia mpira kama watu wengine wote.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye unayesomea mambo ya umeme huko chuoni? Sasa nisaidie. TV yangu ya chogo inamaliza betri kabla mechi haijaisha. Mmoja ananiambia niongeze betri na inveta kubwa. Mwingine anasema niachane na chogo, ninunue flati ya inchi 32. Hela ya muhogo ninayo, lakini humohumo kuna nauli na vifaa vya mdogo wako anayekwenda bweni mwezi ujao. Nikikosea TV, nimekosea na shule."

Sikumjibu palepale. Nilimuuliza maswali matatu. Umeme wako unatoka wapi? TV yako imeandikwa wati ngapi kwa nyuma? Na fundi wa karibu yuko wapi? Akashangaa kwamba sikumuuliza chochote kuhusu picha.

Nawe kama uko njia panda kama yeye, makala hii ni yako. Watu wengi wanalichukulia suala la chogo na flati kama suala la zamani na kisasa. Kumbe jibu sahihi linaweza kuwa tofauti kwa nyumba mbili zinazotazamana. Ili uone kwa nini, lazima kwanza tuchungulie ndani ya TV zenyewe. Tutachungulia kwa maneno tu, usishike bisibisi!

Ndani ya chogo kuna nini?

Lile chogo la nyuma si pambo. Ndani yake kuna chupa kubwa ya kioo iliyotolewa hewa yote, yaani kuna ombwe. Mwanafizikia wa Ujerumani, Ferdinand Braun, alitengeneza chupa ya aina hiyo mwaka 1897, na TV zote za chogo ni wajukuu wake.

Kwenye shingo ya chupa kuna kifaa kinachopashwa moto mpaka kitoe elektroni. Elektroni hizo zinavutwa kuelekea kioo cha mbele kwa umeme wa volti 20,000 hadi 30,000 kwenye TV ya rangi. Umesoma vizuri, ni elfu ishirini na zaidi, wakati ukutani kwako kuna volti 230 tu. Zikifika mbele zinagonga unga maalumu uliopakwa ndani ya kioo, na unga huo unawaka nyekundu, kijani au bluu. Koili za sumaku shingoni zinazungusha mkondo huo wa elektroni kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari. Katika mfumo tuliokuwa tunautumia sisi, picha moja ilikuwa na mistari 625, na picha kamili 25 zilichorwa kila sekunde. Jicho lako ni zito, haliwezi kufuata mbio hizo, kwa hiyo linaona picha moja inayotembea.

Mambo matatu yanatokana na hapo. La kwanza, chogo linakula umeme, kwa sababu kuna kitu cha kupasha moto, kuna volti kubwa na kuna koili za kuendesha. TV ya inchi 21 mara nyingi inatumia kati ya wati 60 na 100.

La pili, ni zito. Kwa kuwa ndani hakuna hewa, hewa ya nje inakisukuma kioo muda wote. Kwa kioo cha inchi 21, msukumo huo unazidi uzito wa tani moja. Ndiyo maana kioo chake kimetengenezwa kinene namna ile.

La tatu, haipendi sumaku. Ukiweka spika kubwa ya redio ubavuni mwake, utaona pembe moja ya picha imegeuka zambarau au kijani. Hiyo TV haijafa, sogeza spika kwanza.

Flati nayo inafanyaje kazi?

Flati nyingi madukani kwetu ni za LCD. Hata ile iliyoandikwa LED kwa herufi kubwa kwenye boksi, kwa kawaida ni LCD iliyowekewa taa za LED nyuma ya kioo. Usiuziwe kwa bei ya juu eti "hii siyo LCD, hii ni LED".

Siri yake ni kitu kinachoitwa fuwele kimiminika. Kiligunduliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, alipokuwa akichunguza kemikali aliyoipata kwenye karoti. Aliona inayeyuka mara mbili. Kwanza inakuwa uji wenye ukungu, halafu ukiongeza joto inakuwa maji maangavu. Ule uji wa katikati unatiririka kama maji, lakini chembe zake zimejipanga kwa mpangilio kama jiwe la fuwele. Ukiupitishia umeme kidogo, chembe zinageuka na kubadili jinsi mwanga unavyopita.

Ndani ya flati, kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina vidirisha vitatu vya rangi nyekundu, kijani na bluu. Nyuma yake kuna taa zinazowaka muda wote. Fuwele inafanya kazi ya pazia, inafungua au kufunga mwanga kwenye kila kidirisha. Taa hizo nyeupe za LED ziliwezekana baada ya kupatikana LED ya bluu yenye nguvu, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Kwa hiyo flati haina volti elfu ishirini wala chupa ya ombwe. Ina taa ndogo na mapazia mengi sana. Flati ya inchi 32 mara nyingi inatumia wati 30 hadi 50, na ndogo ya inchi 24 inaweza kutumia wati 20 hivi. Na tofauti na chogo, kwenye flati nyingi za bei nafuu umeme haupungui sana picha inapokuwa ya giza, kwa sababu taa za nyuma zinawaka vilevile. Umeme unapungua ukishusha mwanga wa taa hizo kwenye menyu. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Hesabu ya sola: kwa nini mechi inakatika dakika ya 60

Sasa turudi kwa baba mdogo. Ana betri ya volti 12, saa-ampea 50. Zidisha 12 kwa 50, unapata wati-saa 600. Lakini betri ya risasi na tindikali haitakiwi kukamuliwa hadi tone la mwisho. Ukitaka ikae, tumia nusu tu. Tunabaki na 300. Betri yenyewe imeshazeeka, tuseme imepoteza theluthi moja ya uwezo wake. Tunabaki na 200.

Kabla ya mechi kuna taa tatu za wati 5 zilizowaka saa tatu, hizo ni wati-saa 45. Simu mbili zimechajiwa, weka 20. Zimebaki 135.

Chogo lake limeandikwa wati 80. King'amuzi cha dishi tuseme wati 12. Jumla 92. Lakini hivi vyote vinapita kwenye inveta, na inveta nayo inakula. Kama inatoa asilimia 85 ya inachokula, basi betri inatoa wati 108. Gawanya 135 kwa 108. Unapata saa moja na robo.

Kipindi cha kwanza ni dakika 45, mapumziko 15, zimebaki dakika 15 za kipindi cha pili. Yaani dakika ya 60 ya mchezo, inveta inaanza kulia, giza. Nilipomsomea hesabu hii kwenye simu alicheka. "Ndo hapohapo mwanangu! Kila siku ndo hapohapo."

Sasa chukua betri ileile iliyochoka, taa zilezile, simu zilezile. Weka flati ndogo ya inchi 24 inayotumia volti 12 moja kwa moja, bila inveta, wati 20. Ongeza king'amuzi cha wati 12, nacho kikichomekwa kwenye volti 12. Jumla 32. Gawanya 135 kwa 32, unapata zaidi ya saa nne. Mechi mbili mfululizo, na taarifa ya habari katikati.

Umeona tulichofanya? Hatukununua betri wala inveta. Yule aliyemshauri aongeze betri hakusema uongo, betri ikiongezeka muda unaongezeka. Lakini betri ya pili nayo inahitaji paneli ya kuijaza. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la saa tano, ukitoa upotevu, inakupa wati-saa 350 hivi kwa siku. Usipoongeza paneli, betri mbili zitagawana jua la moja na zote mbili zitakufa mapema. Kwa mtu wa sola, wati unayoipunguza kwenye TV ni wati ambayo hulazimiki kuinunulia paneli, betri na inveta.

Tahadhari moja kabla hujakimbilia dukani. "Inatumia DC" isiwe neno la muuzaji tu. Geuza TV, soma kibandiko. Betri inayoitwa ya volti 12 inapochajiwa inafika volti 14 na kitu. Hakikisha TV imeandikwa kwamba inavumilia kiwango hicho, au tumia kifaa cha kutuliza volti katikati.

Hesabu ya nguzo: huku mambo yanageuka

Mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea. Kabla ya hapo miji ya huku ilitegemea majenereta. Leo nguzo zinazidi kusogea vijijini, na kuna nyumba zenye LUKU jirani kabisa na nyumba za sola.

Kwa mwenye LUKU hesabu ni nyingine. Tuseme unaangalia TV saa nne kila siku. Chogo la wati 80 linakula uniti 9.6 kwa mwezi. Flati ya inchi 32 ya wati 40 inakula uniti 4.8. Umeokoa uniti 4.8. Kwa bei za miaka ya karibuni, kabla ya kodi na tozo, mteja mdogo wa kundi la D1 alilipa shilingi 100 kwa uniti, na wa T1 alilipa 292. Kwa hiyo umeokoa kati ya shilingi 480 na 1,400 kwa mwezi. Kwa mwaka, hata ukiwa T1, haifiki shilingi 17,000.

Sasa hata kama flati ingeuzwa shilingi 300,000 tu, ungesubiri zaidi ya miaka 17 ili umeme uliookolewa ulipe hiyo hela. Hapo flati yenyewe itakuwa imeshakufa. Kwa hiyo mtu akikwambia "badilisha chogo uokoe umeme", na wewe uko kwenye nguzo, mwambie taratibu kwamba hesabu haikubali. Unaweza kuwa na sababu nyingine nzuri ya kubadilisha, kama nafasi, ukubwa au picha. Umeme peke yake hautoshi.

Hii ndiyo sababu nasema nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na majibu mawili tofauti, na yote yakawa sahihi.

Picha: kwa nini flati mpya wakati mwingine ina ukungu?

Umewahi kwenda kwa mtu aliyenunua flati mpya, ukaangalia taarifa ya habari, ukajisemea moyoni "mbona kwenye chogo letu ilikuwa safi zaidi"? Macho yako yako salama.

Chaneli nyingi za ubora wa kawaida zinarushwa zikiwa na pikseli 720 kwa 576, ambazo ni kama laki nne na elfu kumi na tano. Flati ya inchi 32 ya kawaida ina pikseli 1,366 kwa 768, zaidi ya milioni moja. Picha ya laki nne inatandazwa kwenye vidirisha milioni moja. TV inalazimika kubuni pikseli sita kati ya kila kumi. Ni kama kuongeza maji kwenye uji, bakuli litajaa lakini ladha inapungua. Chogo halina vidirisha vya kujaza kwa idadi hiyo. Linachora mistari ileile iliyotumwa, na kwenye kioo kidogo makosa hayaonekani.

Na wale watu wanaoonekana wanene kwenye flati? Kioo ni kipana, picha ya zamani ni ya mraba-mraba, TV imeivuta. Ingia kwenye menyu, tafuta umbo la picha, chagua 4:3. Wanene watakonda papo hapo.

Lingine ni pembeni. Chogo linatoa mwanga wake lenyewe kwenye unga wa kioo, kwa hiyo ukikaa mbele, kushoto au chini sakafuni, rangi ni ileile. Kwenye flati nyingi za bei ya chini, mapazia ya fuwele yanafanya kazi vizuri kwa aliyekaa mbele tu. Aliyekaa pembeni anaona rangi zimepauka. Kama unaendesha kibanda umiza na watu 40 wamebanana kwenye mabenchi, hili si dogo. Dukani usiangalie TV ukiwa umesimama mbele yake. Nenda pembeni kabisa, halafu chuchumaa. Ukiona sura za watu zinageuka rangi, nenda kwenye TV nyingine.

King'amuzi: chogo halikuuawa na dijitali

Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia, ikianzia Dar es Salaam. Wengi wakaamini chogo limekwisha, wengine wakaligawa bure. Kilichozimwa ni aina ya mawimbi hewani. TV yoyote yenye yale matundu matatu, jekundu, jeupe na la njano, inapokea king'amuzi bila shida.

Flati nyingi mpya zina king'amuzi cha antena ndani yake. Ni jambo zuri, lakini mawimbi ya mitambo ya ardhini yanatembea karibu na mstari ulionyooka, na milima inayazuia. Ukitelemka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay unashuka mamia ya mita mpaka ziwani, ambako maji yako kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kijiji kilichojificha nyuma ya milima hiyo kinategemea dishi, kwa sababu satelaiti iko juu na haijali milima. Kwa hiyo kabla ya kulipia king'amuzi cha ndani, uliza majirani wanatumia nini. Kama wote wana madishi, kile cha ndani hakitakufaa sana. Na ukibaki na chogo, hakikisha king'amuzi unachonunua kina yale matundu ya rangi tatu, siyo HDMI peke yake.

Ikiharibika, nani ataitengeneza?

Hapa kila upande una faida yake. Chogo lina vifaa vikubwa vinavyoonekana, na mafundi wa zamani wanalijua kama kiganja chao. Kapasita ikikauka inabadilishwa. Transfoma ya volti kubwa, ile mafundi wanaiita flaibeki, ikiungua inabadilishwa. Tatizo ni vipuri. Mwishoni mwa mwaka 2007 TV za LCD zilianza kuuzwa kwa wingi kuliko za chogo duniani, na viwanda vya chupa vikafungwa kimoja baada ya kingine. Leo kipuri kinatolewa kwenye TV nyingine iliyokufa. Na chupa yenyewe ikichoka, picha ikawa hafifu na rangi zimefifia, usiitie hela tena.

Flati inaugua magonjwa mengine. La kawaida ni sauti ipo, picha hakuna. Usikimbilie kuitupa. Zima taa chumbani, washa TV, mulika tochi ya simu karibu kabisa na kioo. Ukiona vivuli vya watu wanatembea, basi kioo ni kizima, zimekufa taa za nyuma. Taa hizo zimeungwa kwa mfuatano, moja ikikatika mstari mzima unazima. Fundi anayejua kazi anabadilisha mkanda wa taa, na TV inarudi. Kinachoua taa hizo zaidi ni joto. Ndiyo maana nilikwambia uliweke akilini lile la menyu. TV nyingi zinatoka kiwandani mwanga ukiwa juu kabisa ili zing'ae dukani. Ukishusha hadi nusu unaokoa umeme na taa zinaishi zaidi.

Lakini flati ikipasuka kioo, hapo hakuna fundi. Kioo kipya kinakaribia bei ya TV nzima. Ukinunua mjini, isafirishe kwenye boksi lake ikiwa imesimama, usiilaze na usikubali mzigo juu yake. Kona za njia ya Mbamba Bay hazina huruma.

Kando ya Ziwa Nyasa tuna bahati moja. Ni maji baridi, hakuna chumvi inayokula vyuma kama Pwani. Tulicho nacho ni unyevu, mende na mijusi wanaopenda joto la ndani ya TV, na radi za masika. Radi haichagui chogo wala flati. Wingu likianza kunguruma, chomoa waya wa umeme na waya wa dishi pia. Wengi wanachomoa wa umeme tu, na radi inaingilia kwenye dishi.

Hatari ambayo hakuna anayekwambia dukani

Usifungue chogo, hata kama umelichomoa tangu jana. Chupa yake inaweza kutunza chaji ya volti elfu kadhaa baada ya umeme kukatwa. Fundi anajua namna ya kuitoa chaji hiyo. Mtoto wa kidato cha pili anayependa kujaribu hajui.

Usiliweke juu ya kistuli. Uzito wake mwingi uko mbele, kwenye kioo, na mtoto akilivuta linamwangukia. Unapolibeba, kioo kielekee kifuani kwako.

Na likifa moja kwa moja, usiwaache vijana walivunje ili wapate shaba ya koili. Kioo kinaweza kuripuka kuelekea ndani na vipande vikaruka. Zaidi ya hapo, kioo cha nyuma kimechanganywa na madini ya risasi ili kuzuia miale ya eksirei, na TV moja inaweza kuwa na kilo nzima ya risasi au zaidi. Ikiwa nzima, risasi imefungwa ndani ya kioo. Ikisagwa na kutupwa kando ya kisima au ufukweni tunakoanikia usipa, ni habari nyingine. Risasi inaharibu ubongo wa watoto, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kama huna pa kuipeleka, ihifadhi ikiwa nzima, pakavu, mpaka upate anayekusanya taka za umeme mjini.

Basi uchague nini?

Kama uko kwenye sola, chagua flati ndogo ya DC, inchi 19 hadi 24. Usianze na inchi 32 kwa sababu ya jirani. Soma wati kwenye kibandiko, piga hesabu kama tulivyofanya.

Kama uko kwenye nguzo na chogo lako ni zima, endelea nalo mpaka lichoke lenyewe. Weka akiba taratibu.

Kama uko kwenye nguzo na huna TV kabisa, usinunue chogo la mtumba ila kama ni la bei ya chini sana na umeliona likiwaka nusu saa nzima. Vipuri vinaisha.

Kama ni kibanda umiza, angalia picha ukiwa pembeni kabla ya kuangalia ukubwa.

Na ukinunua flati iliyotumika, washa chaneli yenye weupe mwingi, tafuta madoa na mistari, halafu iache iwake dakika 30. Ubovu mwingi hujitokeza TV ikipata joto.

Baba mdogo alinunua ya inchi 24, ya volti 12. Akashusha mwanga nusu. Hakununua betri wala inveta, na mdogo wangu akaenda bweni na sanduku lake limejaa. Chogo alimpa jirani aliyevutiwa umeme wa nguzo hivi karibuni, ambaye hakuwa na TV. Linawaka hadi leo, mechi nzima na dakika za nyongeza. TV ileile iliyokuwa mzigo upande huu wa njia, imekuwa neema upande wa pili. Kilichobadilika ni waya uliochomekwa nyuma yake.